Sabini kwa sabini ya nini? Maswali ya wasomaji kuhusu heka, hekta na mita za mraba

Toleo lililopita tuliomba maswali ya vipimo vya ardhi. Mengi yametoka pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam: Chanika, Msongola, Kigamboni, Bunju, kule ambako shamba la jana ndilo kiwanja cha leo, muuzaji anazungumza heka na mnunuzi anawaza mita. Tumechagua kumi. Kabla ya kuendelea, shika namba mbili: ekari moja, ile inayoitwa heka mtaani, ni mita za mraba 4,046.86 (kwa kazi nyingi andika 4,047), na hekta moja ni mita za mraba 10,000, sawa na ekari 2.471. Nyingine karibu zote zinazaliwa na hizo.

Dalali kaniambia heka moja ni sabini kwa sabini. Kaka yangu akapiga 70 mara 70 kwenye simu akapata 4,900, naye anasema heka ni 4,047. Nani mkweli? — Msomaji, Chanika

Wote wawili, ila kila mmoja anazungumzia kipimo chake. Sabini kwa sabini ya mtaani ni hatua, si mita. Mtu mzima akitanua mguu vizuri, hatua yake hukaribia yadi moja, na yadi ni sentimita 91.44. Yadi 70 kwa 70 ni yadi za mraba 4,900, na ekari kamili ina yadi za mraba 4,840. Ziada ni 60 tu, yaani asilimia 1.2. Kanuni hiyo basi si ya kubeza. Aliyeianzisha alijua hesabu.

Tatizo huanza mtu anapoweka neno "mita" mahali pa "hatua". Mita 70 kwa 70 ni ekari 1.21, ziada ya zaidi ya moja ya tano. Kwa mita, ekari yenye umbo la mraba ina upande wa mita 63.6. Andika namba hiyo nyuma ya kitabu chako cha risiti.

Tatizo la pili ni mguu wenyewe. Mguu wa muuzaji na mguu wa mnunuzi havijawahi kulingana, na si lazima kuwe na hila: nyasi ndefu, matuta ya mihogo na jua la saa saba vinatosha kufupisha hatua. Pima ya kwako. Tandaza tepu ya mita 50 mahali tambarare, tembea mwendo wako wa kawaida, hesabu. Tuseme umepata hatua 62. Kila hatua ni 50 gawanya kwa 62, sawa na mita 0.806. Hatua zako 70 ni mita 56.45, na 56.45 mara 56.45 ni mita za mraba 3,187. Hiyo ni ekari 0.79. Umelipia heka, umepewa chini kidogo ya sehemu nne kati ya tano.

Angalia kilichotokea hapo. Hatua ilipungua kwa asilimia 12 hivi tukiilinganisha na yadi, lakini eneo limepungua kwa zaidi ya asilimia 20, kwa sababu kosa limeingia mara mbili, kwenye urefu na kwenye upana. Ndiyo maana tofauti inayoonekana ndogo mguuni huwa kubwa mfukoni. Hatua zitumie kukagua tu, kujua kama shamba ni la heka mbili au tatu. Pesa zitolewe kwa tepu au kwa mpima ardhi.

Nanunua nusu heka Msongola. Muuzaji amenipimia hatua 35 kwa 35 kwa kuwa "nusu ya sabini ni thelathini na tano". Naona ndogo. — Mama wa watoto wawili, Kivule

Macho yako yako sawa, mama. Hiyo ni robo heka. Ukikata urefu nusu na upana nusu, unabaki na kipande kimoja kati ya vinne. Chora mraba kwenye karatasi, ukunje mara mbili, uhesabu vipande. Nusu heka ni hatua 70 kwa 35, au kama umbo ni mraba, hatua 49.5 kila upande. Kwa mita za mraba ni 2,023. Robo ni 1,012. Ukitaka mraba kwa tepu, nusu ni mita 45 kila upande na robo ni mita 31.8.

Kama tayari umelipa bei ya nusu, rudi na karatasi hiyo iliyokunjwa mbele ya mashahidi walewale waliosaini. Wauzaji wengine hawajui kabisa kwamba wamekosea.

Mkataba wetu wa mwaka juzi unasema "hekari 5". Sisi tulielewa hekta, familia iliyouza inasema ni ekari. Neno sahihi ni lipi? — Msomaji, Kigamboni

Hapa lugha yetu ina lawama. Mtaani "heka" maana yake ni ekari. Mkulima wa Mkuranga akisema ana heka tatu, anazungumzia mita za mraba 12,141. Ofisini "hekta" ni mita za mraba 10,000. Katikati likaingia "hekari", ambalo wengine hulitumia kwa ekari na wengine kwa hekta, na kila upande huapa kwamba ndiyo maana yake. Hatuwezi kukwambia neno hilo lina maana moja wakati masikio ya watu yanasikia mbili.

Kwa namba ndogo watu husameheana, kwa tano si mchezo. Ekari 5 ni mita za mraba 20,234. Hekta 5 ni 50,000. Kati yao kuna 29,766, zaidi ya ekari saba nzima.

Mkataba wenu utafutiwe maana kwenye mambo mengine yaliyoandikwa ndani yake. Je, unataja urefu wa pande? Unataja jirani wa kaskazini, mti, mfereji, njia? Zungukeni mipaka hiyo na tepu, mpate mita za mraba, kisha muone zinaangukia karibu na namba ipi. Mkipata 21,000 hivi, jibu mnalo. Bei nayo husema: gawanya kiasi mlicholipa kwa 20,234, halafu kwa 50,000, mlinganishe na mashamba ya jirani yaliyouzwa mwaka uleule. Bei moja itakuwa ya kawaida, nyingine itachekesha.

Wanaoandika mikataba mipya waandike hivi: "eneo lenye ukubwa wa mita za mraba 20,234, sawa na ekari 5", namba na maneno, pamoja na urefu wa kila upande na jina la kinachopakana nao. Mita za mraba hazina ubishi. Mwenyekiti wa mtaa akigonga muhuri juu ya "hekari 5", muhuri hautaligeuza neno hilo kuwa kipimo.

Marehemu baba alituachia karatasi ya kiwanja cha Temeke, futi za mraba 6,480. Nimegawa kwa 3.28 nikapata 1,975. Kiwanja chetu hakiwezi kuwa kikubwa hivyo. — Msomaji, Temeke

Poleni kwa msiba. Namba 3.28 ni ya urefu: mita moja ina futi 3.28. Eneo lina pande mbili, kwa hiyo namba hiyo inajizidisha yenyewe na kuwa 10.764. Gawanya 6,480 kwa 10.764, unapata mita za mraba 602. Hicho ndicho kiwanja mnachokijua.

Mitego miwili zaidi kwenye karatasi za zamani. Wa kwanza ni inchi. Futi 65 na inchi 6 ni futi 65.5, si 65.6, kwa sababu futi ina inchi 12. Gawanya inchi kwa 12 kwanza, ndipo ujumlishe na futi. Tepu nyingi za Kariakoo zina mita upande mmoja na futi upande wa pili, na anayesoma akigeuza tepu katikati ya kazi, pande mbili za kiwanja kimoja huandikwa kwa vipimo viwili. Ukiona kiwanja cha "20 kwa 66", shuku hilo kwanza.

Wa pili ni ekari zenye nukta. Karatasi ikisema "ekari 0.15", namba hiyo imekadiriwa kwenye desimali ya pili. Ukubwa halisi unaweza kuwa popote kati ya 0.145 na 0.155, yaani mita za mraba 587 hadi 627. Usimshitaki jirani kwa mita 15 za mraba ukiwa umeshika karatasi ya namna hiyo. Karatasi yenyewe haikuahidi usahihi huo. Inayosema 0.149 ina ubishi mdogo mara kumi.

Kiwanja changu cha Goba hakina pande zinazolingana: 30, 22, 26 na 20, kwa kuzunguka. Fundi alijumlisha pande zinazotazamana, akagawa kwa mbili, akazidisha: 28 mara 21, mita za mraba 588. Ni sahihi? — Msomaji, Goba

Njia ya fundi ni ya kale sana na ina tabia moja mbaya: haikosei kwa kupunguza hata siku moja. Kiwanja kikiwa mstatili kamili inatoa jibu sawasawa. Kikilala pembeni kidogo, inaongeza. Kadiri kinavyozidi kulala, ndivyo inavyozidi kuongeza. Muuzaji ataipenda.

Sababu ni kwamba pande nne pekee hazisemi umbo. Chukua fito nne, uzifunge kamba kwenye kona, kisha usukume kona moja. Pande ni zilezile, eneo linabadilika. Unahitaji kipimo cha tano: kona kwa kona.

Simama kwenye kona ambayo upande wa 30 unakutana na wa 20, vuta tepu hadi kona ya mbele yake. Tuseme unapata mita 40. Sasa una pembetatu mbili, moja ya 30, 22 na 40, nyingine ya 26, 20 na 40. Kwa kila pembetatu fanya hivi: jumlisha pande tatu, gawanya kwa mbili, uite nusu-mzingo. Toa kila upande kwenye nusu-mzingo, upate namba tatu. Zidisha nusu-mzingo na hizo tatu, kisha tafuta kipeuo cha pili.

Pembetatu ya kwanza: 30 + 22 + 40 ni 92, nusu yake 46. Ukitoa pande unapata 16, 24 na 6. Zidisha 46 × 16 × 24 × 6, unapata 105,984. Kipeuo chake ni 325.6. Ya pili: nusu-mzingo 43, zilizobaki 17, 23 na 3, zao ni 50,439, kipeuo 224.6. Jumla ni mita za mraba 550.

Fundi alikupa 588. Zile 38 za katikati hazipo popote Goba.

Pima na kona kwa kona ya pili pia, hata kama hesabu haikuitaka. Kwa vipimo hivi inatakiwa kusoma mita 28.83. Ukipata 28.8 au 28.9, kazi ni safi. Ukipata 30, kuna upande umesomwa vibaya, na mara nyingi kosa liko mwanzo wa tepu: baadhi ya tepu sifuri yake iko kwenye ncha ya pete ya chuma, nyingine sifuri imechapwa sentimita kadhaa mbele ya pete. Mwenye kushika mwanzo aangalie kabla ya kusema "vuta". Tepu ya plastiki nayo ikivutwa kwa nguvu hurefuka na kukupa namba ndogo kuliko ukweli, na ikilegea katikati hubonyea na kukupa kubwa. Kwa umbali wa mita 30 weka mtu wa tatu wa kuishikilia katikati.

Kiwanja kikiwa na kona tano au sita, endelea kukikata kwa pembetatu hadi kiishe.

Je, mteremko unahesabiwa? — Msomaji, Madale

Haujumuishwi. Ukubwa ulioandikwa kwenye ramani ya upimaji au hati ni wa ardhi kama inavyoonekana kutoka juu, tambarare. Tepu ukiilaza juu ya mteremko inasoma ndefu zaidi. Kama umepima mita 30 na mwisho wa tepu uko mita 6 juu ya mwanzo, urefu wa tambarare ni kipeuo cha 900 toa 36, yaani mita 29.39. Kwa kiwanja chenye upana wa mita 20, umejipa mita za mraba 12 za hewa. Njia ya mafundi ni kupima kwa vipande vifupi, mita 5 au 10, tepu ikiwa imesimama usawa kwa pima maji, na timazi ikishuka kwenye ncha ya upande wa bondeni.

Nimepakua programu ya simu ya kupima shamba, unazunguka nayo mpaka inatoa ekari. Kiwanja changu cha mita 20 kwa 20 inakipa 470, jana ilikipa 360. Simu mbovu? — Msomaji, Bunju

Simu ni nzima, umeipa kazi isiyo yake. Kipokezi cha satelaiti kilicho ndani ya simu, mahali pa wazi, hukosea mita 3 hadi 5. Chini ya mwembe au karibu na ukuta hukosea zaidi. Kwenye kiwanja cha mita 20, upande ukikosewa kwa mita 3 tu unasoma 23, na 23 mara 23 ni 529 badala ya 400. Kosa hilohilo kwenye shamba la ekari 10, lenye upande wa mita 201, linaongeza asilimia 3 tu. Kwa hiyo tumia simu kwenye mashamba, ukitegemea kosa la asilimia chache. Kwenye viwanja tumia tepu.

Kama kiwanja kimepimwa, una kitu bora kuliko vyote hivyo: ramani ya upimaji ina namba mbili kwa kila bikoni, yaani alama ya kona ya mpaka: ya Mashariki na ya Kaskazini, kwa mita. Kutokana na hizo unapata eneo bila kutoka nyumbani. Vua kwanza tarakimu za mbele ambazo bikoni zote zinafanana, zinakuchosha bure. Tuseme baada ya kuvua zimebaki:

A: Mashariki 12, Kaskazini 0
B: Mashariki 34, Kaskazini 3
C: Mashariki 31, Kaskazini 26
D: Mashariki 8, Kaskazini 22

Ziandike kwa mpangilio wa kuzunguka mpaka, usiruke kona. Kwa kila jozi, zidisha Mashariki ya bikoni ya kwanza na Kaskazini ya inayofuata, kisha utoe Mashariki ya inayofuata mara Kaskazini ya kwanza. A na B: 12 × 3 toa 34 × 0, ni 36. B na C: 34 × 26 toa 31 × 3, ni 791. C na D: 31 × 22 toa 8 × 26, ni 474. D na A, maana lazima urudi ulikoanzia: 8 × 0 toa 12 × 22, ni hasi 264. Jumla ni 1,037. Gawa kwa mbili: mita za mraba 518.5. Jumla ikitoka hasi umezunguka upande wa saa. Futa alama, namba ni ileile. Ukiruka kona, kipande cha kiwanja kinapotea kwenye hesabu. Ukiandika A, C, B, D, mistari inakatana na jibu halina maana yoyote.

Onyo moja kwa wanaopenda kuingiza namba za ramani kwenye simu ili wakaone bikoni iko wapi. Ramani nyingi za zamani zilichorwa kwa mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, na simu inatumia mwingine, WGS84. Tofauti ya mifumo hiyo hapa kwetu inafika mita mia tatu hivi. Simu itakupeleka mtaa wa pili na utaanza kumgombeza mtu asiyehusika. Eneo halibadiliki, mahali ndipo panapohama.

Tunataka kuchangia watu kumi, tununue heka moja Mabwepande, kila mtu apate 20 kwa 20. Kumi mara 400 ni 4,000, na heka ni 4,047. Inatosha? — Kikundi cha kuweka na kukopa, Tegeta

Kwa kalkuleta inatosha, kwenye ardhi haitoshi. Zile 47 zilizobaki ndizo barabara, maji na mahali pa gari la kuzoa taka.

Chora. Heka yenye umbo la mraba ina mita 63.6 kila upande. Viwanja vya mita 20 vinakaa vitatu kwa vitatu, yaani tisa, na kunabaki utepe wa mita 3.6 pande mbili. Kiwanja cha kumi hakina pa kukaa, labda kikatwe utepe mwembamba usiojengeka. Na safu ya katikati itatokea wapi?

Kama kuna barabara tayari upande mmoja wa shamba, mpangilio unaokubali ni huu: safu ya kwanza iangalie barabara hiyo, ya pili iipe safu ya kwanza mgongo, kisha njia ya mita 6, kisha safu ya tatu ng'ambo ya njia. Safu tatu za kina cha mita 19.2 ni 57.6, jumlisha njia 6, inatimia 63.6. Upana ugawe kwa tatu, mita 21.2. Mnapata viwanja tisa vya mita za mraba 407 kila kimoja, na njia imechukua 382. Watu kumi watafute heka na robo, au mmoja asubiri awamu nyingine. Mchoro huo pia si wa kalamu yenu: kugeuza shamba kuwa viwanja kunahitaji mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, nao utawaambia upana wa njia unaotakiwa.

Ulizeni pia shamba linapakana na nini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa. Kiwanja cha mita 20 kwa 40 ambacho mpaka wake wa nyuma uko mita 45 kutoka mtoni kimepoteza kina cha mita 15. Unalipia mita za mraba 800, unajenga kwenye 500.

Shemeji yangu wa Mombasa kapata kiwanja cha "hamsini kwa mia". Hapa Dar hiyo si ni nusu hekta? — Msomaji, Mbagala

Ingekuwa mita, ndiyo, zingekuwa 5,000 na shemeji angekuwa tajiri. Kenya namba hizo huwa futi. Futi 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48, eneo lake mita za mraba 464.5. Wenyewe hukiita moja ya nane ya eka, ingawa moja ya nane kamili ni futi za mraba 5,445, na hicho kina 5,000. Mpongeze tu.

Maelekezo ya mbolea yanasema kilo 125 kwa hekta. Shamba langu Kisarawe ni heka moja. Nazidisha au nagawa? — Mkulima, Pugu

Unagawa. Heka ni ndogo kuliko hekta, kwa hiyo inakula kidogo: 125 gawanya kwa 2.471 ni kilo 50.6, mfuko mmoja wa kilo 50. Ukizidisha unapata 309, na utajua umekosea ukiona bei. Mavuno yanakwenda kinyume. Magunia 15 ya kilo 100 kwa heka ni tani 1.5, na ukitaka kujilinganisha na takwimu za hekta, zidisha kwa 2.471, upate tani 3.7. Mbegu hufuata njia ya mbolea: mahindi ya sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, ni mimea 44,444 kwa hekta, karibu 18,000 kwa heka.

Kabla ya kumwaga, pima heka yenyewe. Kama ni ile ya hatua fupi ya swali la kwanza, ekari 0.79, kilo 40 zinaitosha. Mfuko mzima juu yake ni sawa na kilo 157 kwa hekta, robo zaidi ya ulichoelekezwa.